Kifaru Kwenye Meza Yangu ya Kushonea

Mume wangu aliporudi kutoka hospitali na boksi la kifaru kwapani, nilikuwa ninashona mikono ya blauzi za akina mama wa kwaya. Boksi lilikuwa refu na bapa. Juu yake pamechorwa kifaru cha vita kikipanda kilima cha matope, mzinga mbele, moshi nyuma. Alilishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa, kama kila siku.

"Ni nini hii?" nikamuuliza.

"Ni mazoezi."

"Mazoezi ya nini? Unaenda jeshi?"

Hakucheka. Aliliweka boksi juu ya meza yangu, akanyanyua kifuniko. Ndani hapakuwa na kifaru. Palikuwa na vijiti vya plastiki ya kijivu vilivyoungana kama fremu za dirisha, na kila fremu imeshikilia vipande vingi, vingine vidogo kama punje ya mchele, kila kimoja na namba yake. Chini kabisa kulikuwa na karatasi iliyokunjwa, imejaa michoro na mishale.

Mama mkwe alitoka jikoni akipangusa mikono. Aliitazama ile picha ya kifuniko kwa muda.

"Hiyo ni char, chuma ya vita," akasema.

"Ni ya plastiki, Mama. Iko bipande-bipande. Kine wa hopitali amesema niiunge mi mwenyewe, bidole birudie kazi."

"Sawa. Lakini isiingie mu nyumba yangu."

Nyumba ilikuwa yake kweli. Baba mkwe alifanya kazi katika kampuni ya migodi tangu ujana mpaka alipofariki, na nyumba yetu ya Kapata, hapa Kolwezi, moja katika safu ya nyumba zinazofanana kama mikate, ilibaki mikononi mwa mama. Si mtu wa maneno mengi, na akisema neno hakuna wa kulipinga. Kwa hiyo kifaru kikabaki nje, barzani. Na barzani kwetu kuna meza moja tu, ile yenye mashini yangu ya kushona. Nikasogeza vitambaa.

Mume wangu ni soudeur. Kwa miaka mingi alichomelea bodi za malori yanayobeba mawe ya shaba, katika karakana moja nje ya mji. Siku moja asubuhi diski ya kukatia chuma ilipasuka mkononi mwake. Ilikata mishipa ya vidole vitatu na kuchana kiganja mpaka karibu na kifundo. Daktari alishona kila alichoweza kushona. Mkono ulipona, lakini vidole vilikuwa vimelala, vimejikunja nusu, kama vya mtu anayeshika kikombe kisichokuwapo.

Tangu aliporudi nyumbani sikuuona tena mkono ule. Aliufunga kitambaa yeye mwenyewe, kwa meno na mkono wa kushoto. Nikisema nimsaidie anasema, "Wacha." Nikileta maji ya vuguvugu anasema, "Weka pale, nenda." Alikula bukari, ugali wetu, kwa mkono wa kushoto akiwa amenipa mgongo. Mtu aliyekuwa anaimba anapooga alikaa barzani kutwa nzima akitazama vumbi la malori, na mimi kando yake nilikanyaga mashini, tak-tak-tak, ili nisisikie ukimya wake. Ikawa hivyo miezi minne.

Kine ndiye aliyemfungua. Kine ni yule mtu wa hospitali anayefundisha viungo kufanya kazi tena. Huyu wetu alikuwa dada wa miaka ishirini na kitu, mtu wa kaskazini, upande wa Kongolo, mrefu, mwembamba, sauti ya chini, blauzi nyeupe iliyopigwa pasi vizuri hadi kwenye kola. Ninasema habari ya pasi kwa sababu mimi ni fundi wa nguo, huwa naanza kumsoma mtu kwenye kola. Boksi la kifaru aliachiwa na mgonjwa mmoja, mhandisi mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Kine alikuwa akitafuta mtu wa kulijenga, akaona mume wangu ana hasira na ile mipira ya kuminya ya hospitali.

"Tata amezoea kuunga bitu," aliniambia siku ya kwanza alipopita kwetu. "Ile mipira ni bule kwake. Hii itamupatia akili na bidole pamoja."

Kwake palikuwa avenyu tatu nyuma yetu. Akasema badala ya Tata kupanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka hospitali kila mara, yeye atapita Jumatano na Jumamosi, saa kumi, akitoka kazini. Nilimshukuru. Nilimpa kiti, nikamletea maji. Sikujua bado.

"Kidole gumba kwanza, Tata. Usiharakishe. Shika, ngoja, achilia," kine akamwelekeza Jumatano ya kwanza.

Mume wangu alishika kikata kucha kwa mkono wa kulia. Ndicho tulichokuwa nacho cha kukatia vipande kutoka kwenye fremu. Kikaanguka. Akashika tena, kikaanguka. Mara ya sita kipande kimoja kikakatika, tak, kikaruka mpaka kwenye mapaja ya kine, na wote wawili wakacheka.

Nilisimamisha mashini. Kicheko cha mume wangu nilikuwa sijakisikia miezi minne. Mtu atafikiri nilifurahi. Nilihisi kama mtu amefungua kabati langu, akavaa nguo yangu mbele ya macho yangu, na imemkaa.

Nikaendelea kushona. Siku ile nilishona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, ikabidi nifumue.

Kila Jumatano na Jumamosi ikawa hivyo. Walikaa kiwiko kwa kiwiko, vichwa vimeinamia karatasi ya mishale. Gurudumu moja la kifaru lina vipande viwili, na magurudumu ni mengi, kwa hiyo kuna siku nzima za kazi ile ile: kata, piga tupa, bandika, shikilia. Mume wangu alikuwa na subira na yale magurudumu, subira ambayo mimi sikuiona nilipochelewesha chai. Siku moja kipande kilianguka karibu na mguu wangu. Nikakiokota, na kwa kuwa macho yangu ya fundi yaliona mahali pake, nikakiweka pale pale, kikaingia sawasawa.

"Wacha!" mume wangu akafoka. "Hii ni mazoezi yangu."

Nikarudisha mkono. Dakika mbili baadaye kine akanyoosha kidole chake chembamba, akasogeza kipande kile kile kidogo kushoto. Mume wangu akasema, "Aksanti, mwanangu."

Alisema mwanangu. Nililisikia vizuri. Lakini mtu mwenye wivu husikia anachotaka, na mimi nilisikia aksanti.

Wiki ya tatu gundi ilikwisha. Mrija uliokuwa ndani ya boksi ulikuwa umekauka zaidi ya nusu. Kine akasema amesikia kwamba asetoni inayeyusha plastiki ya namna ile. Ukitia mabaki ya fremu ndani ya asetoni unapata uji unaounga kuliko gundi. Mume wangu akanigeukia. Nilikuwa na rafiki sokoni Manika anayepaka akina mama rangi za kucha, na yeye ana asetoni chupa kwa chupa.

Nikapanda moto mpaka Manika. Rafiki yangu alikuwa anamsugua mama mmoja vidole. Nilimweleza haja yangu, na kwa kuwa aliuliza, nilimweleza habari yote.

Aliacha kusugua. "Ngoja nisikie muzuri. Mwanamuke anakuya ku nyumba yako mara mbili kwa juma. Anakaa na bwana yako, banacheka. Na weye njo unamutafutia gundi?"

Yule mama mwenye vidole akacheka. Mimi pia nikacheka, maana ungefanya nini.

"Ni muganga wake," nikasema.

"Hata mi niko na bwana," rafiki yangu akasema akinipa chupa. "Baganga njo banajua fasi yote ya mwili."

Njia nzima ya kurudi nilikumbatia ile chupa, vumbi la malori linanijaa mdomoni, na neno lile linanifuata. Nikasema moyoni ni upuuzi. Nilipofika Kapata halikuwa tena upuuzi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda dukani nyuma kununua uzi mweusi. Niliporudi, nilipita upande wa bustani, kwa hiyo hawakuniona. Mama mkwe alikuwa ndani. Barzani mume wangu ameketi, kitambaa hakipo, mkono wa kulia umelala juu ya meza yangu, kiganja juu, wazi. Kovu lilikuwa refu na linang'aa, lenye rangi ya waridi, limepinda kama mto kwenye ramani. Kine ameushika mkono ule kwa mikono yake miwili. Vidole gumba vyake vinapita juu ya kovu polepole, vinasukuma, vinarudi. Mume wangu amefumba macho.

Hapakuwa na neno baya, wala cheko. Ilikuwa kazi ya hospitali, na ningeweza kuapa hivyo mbele ya padri. Lakini mimi, mke wake wa miaka kumi na minane, niliyemzalia mabinti wawili, sikuwahi kuonyeshwa kovu lile. Niliona kwa mara ya kwanza mahali ambapo mume wangu alipasuka, na nililiona kutoka nyuma ya ua wa miwa, kama mwizi.

Kine alipoondoka, mume wangu aliingia ndani kunywa maji. Kifaru kilikuwa kimefika nusu. Sehemu ya chini ilikuwa imesimama juu ya magurudumu yake, na kwenye kisahani kulikuwa na magurudumu mawili ya meno, yale yanayovuta mnyororo, yanangoja kufungwa kesho yake. Bila hayo mnyororo hauna pa kushika.

Nikachukua moja. Nililitia kwenye mfuko wa aproni, halafu kwenye kopo langu la vifungo, chini kabisa. Nikakaa, nikashona pindo mita mbili, imenyooka kabisa.

Asubuhi alitafuta. Aliinamia meza, akainua vitambaa vyangu kimoja kimoja, akakung'uta. Mama mkwe alifagia barza yote na kuchambua takataka. Jumatano kine alikuja, akaambiwa, na hapo ndipo jambo liliponichoma. Alipiga magoti na sketi yake nzuri, akachekecha mchanga chini ya ngazi kwa vidole, kipande kwa kipande, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele.

"Ni mi nilibiweka ku kisahani," alikuwa akisema. "Ni kosa yangu. Ningebifunga vizuri."

"Si kosa yako," mume wangu akasema.

"Ni yangu, Tata. Mi ndiye nilisema tubitoe byote."

Ningeweza kusema wakati ule. Nilipiga magoti kando yake, nikachekecha mchanga pamoja naye. Tulikuwa karibu hata nilinusa sabuni yake. Alinitazama kwa macho yenye maji, akaniambia, "Pole, Mama." Nikamjibu, "Si kitu, ni kiplastiki tu." Nikainama tena ili asinione uso.

Nilidhani kazi itasimama. Ndivyo nilivyotaka: boksi lifungwe, lirudi lilikotoka, na yeye pamoja nalo. Kwa siku mbili ilisimama kweli. Siku ya tatu mume wangu alimwomba mama kifuniko cha ndoo iliyovunjika. Akachora duara juu yake kwa kufuatisha gurudumu lililobaki, akachukua kisu kidogo na tupa yangu ya kucha, akaanza kuchonga.

Alichonga kwa mkono wa kulia. Hakuna aliyemwambia. Kushoto alishikilia, kulia alichonga, na ulimi umetoka pembeni kama mtoto wa shule. La kwanza lilivunjika, na la pili pia. Nilikuwa nusu mita kutoka kwake, ninakanyaga mashini, ninaona kila kitu. Siku ya nne, kama saa tatu ya asubuhi, niliona kidole chake cha shahada kinakunjika chenyewe na kubana kisu, kwa nguvu. Yeye hakuona. Alikuwa anatazama jino la gurudumu. Mimi ndiye niliyeona, na machozi yakanitoka juu ya nguo ya watu.

Akageuka. "Ni nini?"

Sikuweza kukaa nalo tena. "Nililichukua mimi," nikasema. "Lile gurudumu. Mimi ndiye nililificha."

"Najua."

Mashini ilikuwa imesimama. Nyuma ya nyumba mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Unajua nini?"

"Iko mu kopo ya bifungo. Niliiona siku ya pili. Nilikuwa natafuta sindano ya kutobolea."

"Na ulinyamaza? Ukamwacha mtoto wa watu anatambaa kwenye mchanga?"

"Hiyo njo mubaya," akasema. "Ningesema hapo. Lakini nilishangaa, mama ya batoto. Nilikuwa naona hunitazami tena. Nikasema moyoni, kumbe ananitazama, mpaka anaiba."

"Mimi sikutazami? Wewe ndiye unayeufunga mkono. Wewe unakula ukinipa mgongo. Yeye umemwonyesha. Mimi mkeo hujanionyesha hata siku moja!"

Sauti yangu ilipanda. Kinu nyuma ya nyumba kikanyamaza, halafu kikaanza tena, polepole zaidi.

Mume wangu aliweka kisu chini. "Unakumbuka siku ya kwanza ku hopitali, walifungua bandeji?"

Nilikumbuka. Muuguzi alifungua bandeji, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye miguu ya kitanda.

"Uligeuza uso," akasema. "Uligeukia ukuta mpaka walimaliza kufunga. Nikasema, basi. Sitamuonyesha tena hii kitu."

Nilitaka kumwambia kwamba niligeuka kwa sababu nilikuwa karibu kuanguka, kwamba ningemwona akiumia ningepiga kelele hospitali nzima isikie. Nilimwambia hayo baadaye, siku zilizofuata, kidogo kidogo. Wakati ule nilisogeza kiti changu, nikanyoosha mkono juu ya meza, kiganja juu, nikangoja. Kisha akafungua kitambaa kwa meno, kama kawaida yake, akaweka mkono wake juu ya wangu. Ulikuwa wa moto. Kovu lilikuwa laini kuliko nilivyodhani, laini kama satini.

Nikamtolea gurudumu kutoka kwenye kopo. Akaligeuza, akaliweka upande wa kulia. Upande wa kushoto, wenye kutazama ukuta, akaweka lile la kifuniko cha ndoo, lenye meno yaliyopinda. Hakukubali kulitupa.

Tangu siku hiyo niliruhusiwa kugusa. Minyororo ya kifaru kile ni mikanda miwili ya mpira mweusi, na ncha zake huunganishwa kwa kuyeyusha vichwa vya pini ndogo kwa chuma cha moto. Mume wangu alipasha msumari kwenye makaa ya mama, akaushika kwa koleo, kwa mkono wa kulia, akagusa pini, tss, akagusa nyingine. Moshi mdogo ulipanda, una harufu mbaya. Akavuta pumzi kama mtu anayenusa chakula cha kwao.

"Nimechomelea," akasema. Hilo tu.

Rangi niliichanganya mimi. Tulikuwa na mabaki ya kijani ya geti la jirani, nyeusi kidogo, na manjano ya kanisa. Karatasi ilionyesha rangi fulani, lakini mimi najua rangi kwa jicho, nikaipata, kijani kilichochoka kama cha majani ya mwezi wa nane. Nilipaka kwa brashi ya chupa ya rangi ya kucha, mistari mizuri, hata ndani ya pembe ambamo vidole vyake havikufika. Kisha tukapaka vumbi. Lile la mbele ya nyumba lilikuwa jekundu mno, likaonekana kama unga wa pilipili. Mume wangu akakumbuka buti zake za kazini, zilizokuwa zimening'inia ukutani tangu ajali, zimejaa ule unga wa kijivu unaopeperuka kutoka kwenye mabaki ya migodi, upande wa Kingamyambo. Tukazikung'uta juu ya gazeti, tukachanganya, na kifaru kikawa kama kimepita Kolwezi kweli.

Zilibaki alama: nyota, namba, bendera, vikaratasi unavyolowesha kwenye maji na kuteleza juu ya plastiki. Nilikuwa tayari na bakuli la maji mama mkwe alipotoka. Kwa wiki zote hizo alipita pembeni ya meza bila kutazama. Safari hii akasimama.

"Hiyo alama ni ya nani?"

"Ya jeshi moja, Mama. La kule Ulaya."

Akavuta kigoda. "Ile vita ya zamani ilipoingia hapa," akasema, "nilikuwa na mimba ya huyu. Nilikaa chini ya kitanda, mi na dada yangu. Machuma yalipita mu barabara, sahani zote zikaanguka. Dada akaniuliza, ni ya wetu ao ya adui? Nikamwambia, sijui. Kutoka chini ya kitanda, yote inalia moja." Akanyoosha kidole kwenye bakuli. "Musiweke alama. Isikuwe ya mutu."

Hatukuweka. Mume wangu alizitupa zile nyota kwenye makaa.

Kine hakuja wiki hiyo wala iliyofuata. Nilijua sababu, kwa kuwa Manika ni karibu na maneno hupanda moto kama watu. Rafiki yangu alikuwa ameeneza kwamba kine ana jambo na mume wangu, na yamemfikia. Kwa hiyo kifaru kilipokauka nilikifunga kwenye boksi lake na mabaki ya sponji ya viti, nikapanda moto, nikakipakata mpaka hospitali.

Chumba chake kilikuwa na vitanda viwili na baiskeli isiyo na magurudumu. Alikuwa na mzee mmoja mchimbaji aliyevunjika kifundo cha mkono. "Kidole gumba kwanza, Tata," alikuwa akimwambia. "Usiharakishe." Maneno yale yale, na mzee naye alikuwa anatabasamu. Nilisimama mlangoni na boksi langu, na Mungu anisamehe, niliona wivu kwa niaba ya mume wangu.

Aliponiona akasimama wima. "Mama."

Nilimkabidhi. Alikitoa, akakizungusha kwenye mwanga wa dirisha, na uso wake ukafunguka. Yule mzee akapiga mluzi. Kisha kine akafika upande wa meno yaliyopinda.

"Hii Tata alichonga?"

"Alichonga. Ile nyingine ilikuwa kwangu." Nikaweka boksi tupu kitandani. "Mi ndiye niliificha. Siku ile tulitafuta mu mchanga, nilijua fasi iko. Nilikuwa na wivu na weye. Na ile maneno ya Manika, ilitoka kwangu. Unisamehe."

Mzee akageuza macho, akatazama dari. Kisha kine akasema, kwa ile sauti yake ya chini, "Siku ile nilirudi nyumba, nililia, Mama. Nilifikiri nimeharibia Tata kazi. Na ile maneno, mama yangu aliisikia huko Kongolo."

"Najua."

"Hapana, hujui."

Aliweka kifaru juu ya rafu, kati ya mipira ya kuminya na picha ya mifupa ya mkono. "Aksanti kwa kusema," akasema, kisha akamgeukia mzee wake. Hakunisindikiza.

Mume wangu alirudi karakana mwezi uliofuata. Hakati tena kwa diski, wanampa kazi ya kupima na kuchomelea vitu vidogo. Anaimba tena bafuni, vibaya kama zamani. Kila jioni, kabla ya kula, ananipa mkono na mimi ninasugua kovu kwa mafuta ya mawese, vidole gumba viwili, polepole, kama nilivyoona kutoka nyuma ya miwa. Alinifundisha yeye. Wakati mwingine anasema, "Kine alikuwa anasukuma zaidi," na mimi ninasukuma mpaka anaguta.

Ilipita miezi mitatu. Kisha Jumamosi moja saa kumi nilisikia hodi kwenye ngazi za barza, na ni kine, ameshika kikwembe kipya, kitambaa cha buluu chenye ndege.

"Mama, unaweza kunipima? Nataka robe ya Pasaka."

Nikasema karibu. Nikachukua mita yangu, nikampima mabega, kifua, kiuno. Ana kiuno cha binti yangu mdogo. Aliinua mikono bila kusema, nami nikaandika namba kwenye daftari. Mume wangu akasikia sauti, akatoka ndani mbio, karibu ajikwae, anacheka, ameinua mkono wa kulia ili kumwonyesha vidole vitano vinafunguka na kufungika.

"Tazama! Tazama, mwanangu!"

Naye akacheka, akapiga makofi. Nilihisi wivu ule ule ukinibana chini ya mbavu, upande wa kushoto. Nikaweka pini mdomoni, nikamwambia asitikisike, nikaendelea kupima urefu wa mgongo.